Simu Iliyosahau Mbizi ya Kwanza: Kisa cha Mnemba

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma kwa upole, kwenye miamba ya Mnemba upande wa kaskazini mashariki ya Unguja. Hakuna aliyeumia. Nakiandika kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akiumia, macho yote humwendea mgonjwa, na mahali jambo lilipoanzia panasahauliwa.

Mimi ni kiongozi wa wazamiaji. Siku hiyo nilikuwa na wageni watatu chomboni. Wawili walikuwa mke na mume vijana, kila mmoja na kompyuta yake ya kuzamia mkononi. Wa tatu alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mkunazini, Mji Mkongwe, aliyehamia Maskati tangu ujana, amerudi nyumbani kwa likizo. Hakuwa mgeni wa bahari. Kule Oman amezamia sana visiwa vya Daymaniyat, na daftari lake lilikuwa na mbizi zaidi ya 200. Alivyofunga mtungi wake na kukagua regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, niliona huyu anajua anachofanya.

Nilipopitia vifaa vya kila mmoja nikamuuliza, "Ami, kompyuta yako iko wapi?"

"Hii hapa, mwanangu."

Akainua kasha gumu la plastiki, zito kama tofali dogo. Simu imo ndani, vitufe vitatu viko ubavuni, na juu kuna taa ndogo ya kijani inayoonyesha kwamba hewa imenyonywa na kasha limeziba sawasawa. Nikamwambia tuna kompyuta ya akiba, aivae tu mkono wa kushoto. Akatabasamu. "Hii ina kila kitu. Kina, dakika zilizobaki, joto la maji, na picha inanipigia. Ya pili ya nini?"

Nikanyamaza. Umri wake, mbizi zake 200, na adabu tuliyolelewa nayo ya kutobishana na mtu mzima mbele za watu, vyote vilinifunga mdomo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika kisa hiki, na ni kosa la mtu mwenye dhamana ya roho za watu.

Kile alichokishika

Kabla sijaendelea, niweke wazi ni simu ya namna gani, maana vijana wengi huku kwetu wanachanganya. Mpwa wangu aliwahi kunionyesha programu ya bure inayodai kupima kina, simu ikiwa ndani ya kile kifuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni. Hiyo ni hatari tupu. Simu nyingi nzuri zina kihisi cha shinikizo la hewa, kweli, lakini kimetengenezwa kwa ajili ya hali ya hewa na kupanda ghorofa. Kipimo chake cha kawaida huishia kwenye hektopaskali (kizio cha shinikizo) 1,100 hivi, na hewa ya ufukweni peke yake ni kama 1,013. Maji huongeza shinikizo jingine kama hilo la hewa kila mita 10. Fanya hesabu: kihisi hicho kinafika ukingoni kabla hujazama mita moja. Ukiitia simu kwenye kasha gumu ndiyo kabisa, kwa sababu hewa ya ndani ya kasha hubaki na shinikizo la juu ya maji hata ukifika mita 30. Simu itakuambia uko jahazini.

Nalo lile neno la "haiingii maji" linalotajwa dukani lisimdanganye mtu. Apple wanasema iPhone zao za miaka ya karibuni zinastahimili mita 6 kwa dakika 30, na hicho ni kipimo cha maabara. Mita 6 ni karibu na pale tunaposimama kupumzika wakati wa kupanda. Mbizi yenyewe iko chini ya hapo.

Kasha la Ami lilikuwa jambo jingine. Lina kihisi chake cha shinikizo kwa nje, kinachogusa maji, na kinaipasha simu habari kwa Bluetooth. Mawimbi ya Bluetooth hufa katika maji ya chumvi baada ya sentimita chache, ila hapa yanasafiri ndani ya kasha, kwenye hewa, kwa hiyo yanafika. Simu hupokea kina na muda, programu hupiga hesabu. Kwa maumbile hiyo ni kompyuta ya kuzamia kweli, na sitaki msomaji afikiri mgeni wangu alikuja na mchezo wa watoto.

Mbizi ya kwanza

Tuliingia maji saa tatu na nusu asubuhi mahali paitwapo Kichwani, hapo hapo Mnemba. Mwamba pale unashuka kama ukuta uliolala, na mkondo ulikuwa wa wastani. Tukakaa karibu dakika 18 kwenye mita 26, tukapanda taratibu hadi mita 16 kwa dakika 15 nyingine, kisha tukaenda kusimama mita 5. Tulitoka saa nne na dakika kumi na moja, jumla dakika 41.

Nilimsogelea mara mbili makusudi nisome kioo chake. Kina changu 26.3, chake 26.1. Dakika tulizobakiwa nazo kabla ya kudaiwa vituo vya kupandia, yaani kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, zilitofautiana kwa dakika moja tu. Nikaridhika. Nikajiambia simu hii inapima vizuri, na kweli ilikuwa inapima vizuri. Shida nilikuwa nimeitafuta mahali pasipokuwa pake.

Dakika hamsini na tano juu ya maji

Jahazini tulikula nanasi na kunywa chai. Ami akaketi kwenye ubao wa pembeni, kasha mapajani, jua likimwakia. Simu ilikuwa imemwandikia kwamba nafasi imejaa. Alikuwa amerekodi video za ubora wa juu kabisa, zile za 4K za fremu 60 kwa sekunde, ambazo hula takriban megabaiti 400 kila dakika. Dakika 20 za kuwafuata samaki changu na kasa ni gigabaiti 8.

Kufuta video kunahitaji kidole kwenye kioo, na kidole hakifanyi kazi kupitia kasha. Kwa hiyo akalifungua kasha pale pale, mikono ina chumvi, chombo kinayumba. Nilimwona akifuta kioo kwa taulo. Alipotaka kulifunga nikamwomba anipe nitazame ule mpira wa kuzibia. Ulikuwa na uzi mmoja wa taulo umelala juu yake, mweupe, mwembamba kuliko unywele. Uzi kama huo unatosha kuruhusu maji kupita mita 18 chini. Nikautoa kwa ukucha, akaupaka mafuta yake, tukafunga, taa ikawa kijani. Wote wawili tukafurahi kwamba tumeepuka balaa.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa limeshapita bila sisi kuliona. Simu ilikuwa imepata moto sana kwa jua, akaizima ipoe. Alipoiwasha na kuifungua ile programu upya, ikamkaribisha kama mtu aliyetoka kitandani asubuhi hiyo. Yeye hakuliona hilo, kwa kuwa alichokuwa anakitafuta ni nafasi ya video. Mimi sikuliuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeridhika tangu mbizi ya kwanza. Hilo ndilo kosa la pili.

Deni na daftari

Watu wengi hudhani kompyuta ya kuzamia ni kipimo cha kina chenye saa. Ifikirie kama daftari la mkopo la duka la mtaani. Kila dakika unayovuta hewa chini ya maji, mwili unakopa nitrojeni (gesi iliyomo hewani) kuliko kawaida, na kina kikiwa kikubwa mkopo ni mkubwa zaidi. Unapopanda unaanza kulipa. Ukitaka kulipa kwa haraka kuliko mwili unavyoweza, nitrojeni hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, ndani ya viungo, uti wa mgongo au ubongo. Pwani yetu ina watu waliozamia majongoo bahari kwa mitungi bila saa wala jedwali, wakapanda na miguu ikakosa nguvu. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii nadharia ya vitabuni.

Mwili haukopi wala haulipi kwa mwendo mmoja. Hilo alilifanyia kazi John Scott Haldane pamoja na wenzake, wakawajaribu mbuzi katika chumba cha shinikizo, na mwaka 1908 wakachapisha majedwali ya kwanza yenye msingi wa sayansi. Baadaye Albert Bühlmann wa Zürich aliugawa mwili katika mafungu 16 ya kihesabu. La haraka kuliko yote hufika nusu ya safari yake kwa dakika 4, la polepole huchukua dakika 635, yaani zaidi ya saa kumi. Kompyuta za mkononi zilipoanza kuuzwa mwaka 1983 zilikuja kulifanya jambo ambalo jedwali la karatasi haliwezi, nalo ni kuyaandika mafungu hayo yote sekunde kwa sekunde, ukiwa chini na ukiwa juu.

Ukiwa juu pia. Hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Chukua fungu linalopungua nusu kila dakika 27. Katika dakika 55 tulizokaa jahazini, limepungua nusu mara mbili, kwa hiyo limebakiza kama robo ya ziada lililotoka nayo chini. Fungu la dakika 54 limebakiza nusu nzima. Nanasi limeliwa, chai imenywewa, mtu anajisikia mzima kabisa, lakini deni lipo. Daftari likipotea dukani, mwenye duka ndiye anayepata hasara. Huku kwetu mdaiwa ndiye anayeipata.

Mbizi ya pili

Saa tano na dakika sita tuliingia Wattabomi, mwamba mpole, mpango wetu ukiwa mita 18. Nilipofika chini nikatazama mkono wangu: zimebaki dakika 39. Dakika chache baadaye Ami akanipita akirekodi, na kioo chake kikawa mbele ya uso wangu. Kilikuwa na ukungu pembeni, kwa sababu hewa tuliyoifungia jahazini ilikuwa ya moto na yenye unyevu, na maji yalipokipoza kioo ikageuka jasho. Katikati palisomeka. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye 34. Yeye 41.

Tofauti ya dakika saba. Asubuhi, kwenye mbizi ya kwanza, tofauti ilikuwa dakika moja.

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri labda hakushuka nami pamoja. Kisha nikakumbuka kwamba mtu asiye na deni lolote, kwa mpangilio wa tahadhari kama wangu, hupewa dakika 46 hivi kwenye mita 18. 46 toa 5 ni 41. Simu ilikuwa inamhesabu kama mtu ambaye hajazama siku hiyo.

Nikamwonyesha mkono wangu, nikaonyesha kioo chake, nikapunga kiganja kwamba kuna tatizo. Akanijibu kwa ishara ya kwamba yeye yuko sawa, ana dakika nyingi. Wakati huo kasa mkubwa akatoka chini ya mwamba, na Ami akamfuata, macho kwenye picha, akateremka hadi mita 21 bila kujua. Kwenye programu ile, ukiwasha kamera, tarakimu za kina huwa ndogo kama maandishi ya chini ya risiti. Nikagonga mtungi wangu mara tatu. Akageuka. Safari hii sikuomba. Nilimpa dole gumba la kupanda na nikamkazia macho. Akapanda.

Nikaliongoza kundi zima hadi mita 12 na tukamalizia mbizi hapo, ambapo hesabu yake na yangu zote zilikuwa na nafasi ya kutosha. Mita 5 tulikaa dakika sita badala ya tatu. Tulitoka saa sita kasoro dakika sita mchana, tumekaa dakika 48.

Dakika saba zinaweza kuonekana ndogo. Kwa mbizi ile, kwa namna nilivyoipanda, pengine zisingemdhuru. Lakini mtu huyu alikuwa na tabia nzuri ya kuiamini kompyuta yake, na angekaa mita 18 mpaka simu imwambie inatosha. Kufika hapo angekuwa ameshapita mpaka wake, na simu isingemwambia asimame popote zaidi ya zile dakika tatu za kawaida. Ongeza mbizi ya tatu ya alasiri, kama wengi wanavyofanya, na pengo linapanuka.

Kilichopotea

Tulikaa barazani ofisini, tukaifungua kumbukumbu ya ile programu. Mbizi ya kwanza ilikuwepo, ila imekatika dakika ya 29, angali kwenye mita 16. Nilivyoelewa, nafasi ya simu ilijaa hapo kwa ajili ya video, programu ikaendelea kumwonyesha tarakimu kwenye kioo, lakini ikashindwa kuziandika. Alipoizima simu, kilichokuwa hakijaandikwa kikaenda. Programu ilipokuta rekodi isiyo na mwisho ikaiweka kando kama rekodi mbovu, na ikaanza hesabu kutoka sifuri bila kumwambia mwenyewe kwa maneno makubwa.

Siitaji programu wala kasha kwa jina. Wanaotengeneza vitu hivi wanaweza kuliziba tundu hili, na huenda kesho likawa limezibwa. Ninachokiona mimi ni kwamba kamera na daftari la deni vimewekwa kwenye sanduku moja, vinagombea nafasi moja, betri moja na joto moja, na siku vikigombana kamera hushinda kwa sababu ndiyo mwenye simu anayoitazama. Kompyuta ya mkononi haina video ya kufuta. Hakuna sababu ya kuifungua katikati ya siku. Hata saa za kisasa zenye asili ya simu, kama Apple Watch Ultra iliyotoka mwaka 2022 na kuruhusiwa kuzama hadi mita 40, zina kihisi chao ndani na hubaki mkononi jahazini, zinahesabu mapumziko.

Simu nzuri ndani ya kasha nzuri ni kamera bora, na siwezi kuikataa. Jioni, kwa kuhamisha mbizi kutoka kompyuta ya mkononi na kuzitazama kwenye ramani, naitumia mwenyewe. Kuibebesha roho peke yake ndiko ninakokukataa, na siku hizi nakataa kwa sauti, awe mzee au kijana.

Nimebadilisha jambo moja jingine. Kabla ya mbizi ya pili siulizi tena "kompyuta yako iko sawa?", kwani kila mtu hujibu iko sawa. Nasema, "Nionyeshe muda wako wa mapumziko." Kompyuta inayokumbuka mbizi ya kwanza itaonyesha dakika ulizokaa juu tangu ulipotoka majini. Isiyokumbuka haina cha kuonyesha. Ni swali la sekunde kumi, na siku ile lingetosha.

Saa kumi

Nilidhani tumemaliza, hadi nilipomuuliza kuhusu ndege. Kwenye fomu aliandika tarehe ya kesho yake, na asubuhi alikuwa ameniambia, "Naondoka kesho saa kumi." Nikachukulia saa kumi jioni, nikaona nafasi ipo tele. Sasa akasema, "Simu inaniambia naruhusiwa kuruka kabla ya saa sita usiku, kwa hiyo saa kumi na dakika hamsini alfajiri haina neno."

Alfajiri.

Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni dogo kuliko la ufukweni, na nitrojeni iliyobaki hupata sababu mpya ya kutoka kwa fujo. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyodai vituo, na angalau saa 18 baada ya mbizi zaidi ya moja. Simu ilikuwa na mbizi moja kichwani mwake, ikampa saa 12. Yeye alikuwa amezama mara mbili. Saa 18 tangu tulipotoka zingetimia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wakati huo ndege ingekuwa hewani muda mrefu. Sisi wenyewe huwashauri wageni saa 24.

Nilimweleza yote haya kwa utulivu, kikombe cha kahawa mkononi, bila kumlaumu, maana lile la saa kumi lilikuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia simu mkewe Maskati, akamwambia asimsubiri asubuhi, na akabadilisha tiketi yake hadi saa kumi jioni ya kesho. Safari hii alilitamka neno "jioni" mara mbili, na mimi nikaliandika.

Halafu akaniomba kalamu. Akatoa mkobani lile daftari lake la karatasi la mbizi, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa: Kichwani, mita 26, dakika 41, kutoka saa nne na dakika kumi na moja. Chini yake akaacha mstari mmoja, akaandika Wattabomi.